Umegeuza MP3 kuwa WAV na wimbo umeharibika: tatizo liko wapi?

Studio ndogo za huku kwetu hazipokei mafaili safi kila siku. Mdundo unakuja kama MP3 kutoka kwa produsa aliye mji mwingine, vokali inatumwa kwa WhatsApp, kwaya inaleta rekodi ya simu iliyowekwa juu ya benchi. Vyote vimebanwa. Ukitaka kukata, kusogeza na kupaka madoido, unahitaji sauti isiyobanwa, yaani WAV au AIFF. Basi unageuza, unafungua mradi, na hapo vituko vinaanza: wimbo unakimbia, sinea (ile ngoma kali ya mdundo) inagonga mara mbili, sauti inapasuka, matoazi yanalia kama yako ndani ya maji.

Kugeuza kwenyewe ni jambo jepesi. Programu inalifungua faili lililobanwa, inazitoa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti vinavyopangwa maelfu kwa kila sekunde, inaziandika upya moja baada ya nyingine. MP3 ilipotengenezwa ilitupa sehemu ya sauti, na WAV haina pa kuiokota. Faida yake ni kwamba kuanzia hapo unaweza kuhariri na kuhifadhi bila kupoteza zaidi. Kwa hiyo dalili yoyote utakayoiona ina asili moja kati ya mbili: ama uharibifu ulikuwemo tangu mwanzo na sasa umejitokeza, ama mpangilio fulani ulibadilishwa njiani bila wewe kuambiwa. Wa pili unatibika. Wa kwanza mara nyingi hautibiki, na ni vizuri ujue mapema usije ukamaliza usiku mzima ukizungusha vitufe vya ikwalaiza.

Kwanza lisome faili lenyewe

Usiamini jina la faili, wala maelezo ya aliyelituma. FFmpeg ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inakuja na programu ndogo inayoitwa ffprobe. Fungua dirisha la amri la kompyuta, uandike:

`ffprobe vokali.opus`

Katika maneno mengi yatakayotoka, tafuta mstari unaoanza na "Stream". Kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp utaonekana hivi:

`Stream #0:0: Audio: opus, 48000 Hz, mono, fltp`

Hapo umeshajua karibu kila kitu. Neno la kwanza ni namna sauti ilivyobanwa. Namba inayofuata ni kiwango cha sampuli, yaani sampuli ngapi kwa sekunde. Kisha idadi ya chaneli. Opus ina tabia moja ya kuizoea: hufunguliwa kwa 48,000 hata kama simu ilirekodi kwa kiwango cha chini zaidi, kwa hiyo namba hiyo isikudanganye kwamba vokali ina ubora wa studio.

Amri ya kugeuza ninayoipendekeza kwa kazi ya muziki ni hii:

`ffmpeg -i mdundo.mp3 -c:a pcm_f32le mdundo.wav`

Sehemu ya `pcm_f32le` inamaanisha biti 32 za nukta elea. Ukiiacha, FFmpeg itakupa WAV ya biti 16, na sababu ya kutoitaka utaiona kwenye sehemu ya sauti kupasuka. Asiyependa kuandika amri atumie Audacity: fungua faili, kisha toa kama WAV na uchague "32-bit float". Kwa M4A huenda Audacity ikakuomba kwanza uiongezee maktaba ya FFmpeg.

Tovuti za kugeuza mafaili mtandaoni nazikwepa. Nyingi hubadilisha kiwango cha sampuli kimyakimya, nyingine hupandisha sauti zenyewe, na zaidi ya yote unakuwa umepakia kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua wimbo wa mtu ambao bado haujatolewa.

Faili halifunguki, au linafunguka likiwa kelele tupu

Chanzo cha kawaida kabisa ni jina. Mtu kaambiwa atume WAV, akafuta "mp3" mwishoni mwa jina akaandika "wav". Programu nyingine itagundua na kulifungua tu, nyingine itagoma. Ukitaka kuhakikisha bila programu yoyote maalumu, lifungue faili kwa programu ya kuandikia maandishi ya kawaida. Utaona takataka, lakini herufi za mwanzo kabisa husomeka. WAV huanza na RIFF na mbele kidogo kuna WAVE. AIFF huanza na FORM. FLAC huanza na fLaC, na Ogg pamoja na Opus huanza na OggS. MP3 nyingi huanza na ID3. M4A ina alama chache zisizosomeka, kisha ftyp. Ukishaona, funga bila kuhifadhi.

Kuna ujanja zaidi wa huo. WAV, iliyotolewa na Microsoft na IBM mwaka 1991, ni kasha tu, na ndani ya kasha hilo inaruhusiwa kuweka hata sauti iliyobanwa. Unaweza kukuta faili limeanza na RIFF kihalali kabisa na bado ndani ni MP3 au ADPCM (namna nyingine ya kubana). ffprobe itakuonyesha: ikiwa neno baada ya "Audio:" halianzi na `pcm_`, hilo bado limebanwa, ligeuze tena kwa amri ileile.

Programu ikikuuliza wewe mwenyewe uchague kiwango cha sampuli na idadi ya biti kabla ya kufungua, simama. Inataka kulisoma faili kama data ghafi. MP3 ikisomwa hivyo inatoa mngurumo mfululizo kama redio isiyoshika stesheni, na ukiipiga kwa sauti kubwa unaweza kuumiza spika na masikio.

Lingine ni faili lililokatika wakati wa kupakuliwa, bando likiisha katikati. Hapa aina za mafaili hazifanani. MP3 iliyokatika itafunguka na kuishia pale ilipokatika. M4A iliyokatika mara nyingi haifunguki kabisa, kwa kuwa ramani ya faili huwekwa mwishoni, na FFmpeg itakuambia "moov atom not found". Usihangaike kuikarabati, omba itumwe upya.

Na nyimbo ulizozihifadhi ndani ya programu za kusikilizia muziki ili uzipige bila intaneti zimefungwa kwa makusudi. Hata ukiyapata mafaili yake ndani ya simu, hayageuki. Ukiutaka wimbo kwa kazi halali, ununue mahali panapouza faili lenyewe, au mwombe mwenye nao.

Wimbo unakimbia na sauti imepanda, au unaburuta na sauti imeshuka

Hili huwatisha watu kuliko yote, na ndilo rahisi kuliko yote kutibu.

Muziki mwingi uko kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde, kiwango cha CD. Video, na Opus kama tulivyoona, ziko kwenye 48,000. Ikiwa faili lilirekodiwa kwa 44,100 halafu programu ikalipiga kana kwamba ni la 48,000, sampuli zilezile zinatumika upesi zaidi. Wimbo wa dakika 4 utaisha kwa dakika 3 na sekunde 40 hivi, na sauti itapanda karibu nusu toni moja na nusu. Ulikuwa kwenye G? Sasa umekaa kati ya G# na A, mahali ambapo hakuna kinanda kitakachokubaliana nao. Ikiwa ni kinyume, faili la 48,000 likapigwa kama la 44,100, dakika 4 zinakuwa 4 na sekunde 21, na mwimbaji anasikika kama ameamka sasa hivi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, linganisha urefu wa faili la awali na urefu uliouona kwenye mradi. Gawa mmoja kwa mwingine. Ukipata karibu 1.09 au 0.92, umeshampata mwizi. Ukipata 2 au 0.5, ni 22,050 dhidi ya 44,100, na sauti itakuwa imepanda au kushuka oktavu nzima.

Dawa inategemea kosa liko wapi. Ikiwa WAV yenyewe ikipigwa kwa kicheza muziki cha kawaida iko sawa, na inakimbia tu ndani ya programu ya kuhariri, basi programu hiyo haibadilishi viwango yenyewe. Geuza upya ukilenga kiwango cha mradi:

`ffmpeg -i mdundo.mp3 -ar 48000 -c:a pcm_f32le mdundo48.wav`

Ikiwa WAV inakimbia kila mahali, mtu aliiandika kwa lebo ya uongo: sampuli ni za 44,100 lakini kichwa cha faili kinasema 48,000. Kama unalo faili la awali, ligeuze tena na uachane na hilo. Kama hulipati, lirekebishe hivi:

`ffmpeg -i mbovu.wav -af "asetrate=44100,aresample=48000" -c:a pcm_f32le nzima.wav`

`asetrate` inaisomesha upya lebo, kisha `aresample` inaigeuza kihalali. Usitibu tatizo hili kwa kuvuta wimbo au kushusha sauti kwa plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza. Itasikika kama imepona, lakini plagini ya kuvuta inakadiria na inaacha makovu, hasa kwenye ngoma, wakati hapa hukuhitaji makadirio yoyote.

Kuhusu kiwango cha kuchagua: kama kazi ni wimbo wa kusikiliza na karibu kila kitu ulicholetewa kiko 44,100, baki hapohapo. Kama inakwenda kwenye video, fanya 48,000 tangu mwanzo. Kupandisha MP3 hadi 96,000 kunajaza diski tu.

Vokali haikai kwenye mdundo

Hapa ndipo produsa na mwimbaji wanapogombana. "Kaka, mimi niliimba sawa, wewe ndiye umeharibu." Na mara nyingi wote wawili wana haki. Kabla ya kulaumiana, tazama tofauti ikoje mwanzoni mwa wimbo na ikoje mwishoni.

*Tofauti ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho.* MP3 haihifadhi sauti sampuli moja moja. Inazifunga katika fremu za sampuli 1,152, na namna inavyobana inalazimisha kuongeza ukimya kidogo mbele. Kwa LAME, programu iliyotengeneza MP3 nyingi duniani, ukimya huo pamoja na ule wa kufungulia ni sampuli 1,105. Kwa 44,100 hizo ni milisekunde 25. LAME huandika ndani ya faili idadi ya sampuli za kuruka, na FFmpeg huisoma na kuziruka. Programu nyingine haziisomi. AAC, namna ya kubana inayokaa ndani ya M4A, ikitengenezwa kwa zana za Apple ina ukimya wake wa sampuli 2,112, karibu milisekunde 48.

Sasa fikiria una traki nne za wimbo mmoja: mbili umezigeuza kwa FFmpeg, moja umeiburuta moja kwa moja ndani ya programu ya kuhariri, ya nne rafiki amekugeuzia kwa simu yake. Zote ziliondoka studio zikiwa zimelingana. Zikikutana tena, sinea inagonga "tra-ta" badala ya "ta". Milisekunde 25 sikio linazisikia. Tofauti ikiwa ndogo zaidi hutasikia kugonga mara mbili, utasikia besi imekonda na sauti imekuwa na pua, kwa sababu mawimbi yanaanza kufutana.

Kuza mchoro wa mawimbi hadi uone sampuli, tafuta pigo la kwanza la kiki kwenye kila traki, uzilinganishe. Au bora zaidi: rudi kwenye mafaili ya awali uyageuze yote kwa programu moja kwa mkupuo. Kwenye Windows, ukiwa ndani ya folda husika, mstari mmoja unatosha:

`for %i in (*.mp3) do ffmpeg -i "%i" -c:a pcm_f32le "%~ni.wav"`

Hizo fremu za 1,152 ndizo pia zinazofanya mzunguko wa mdundo ulioletwa kama MP3 ukwame kila unaporudia. Chukua baa 4 kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika. Ni sekunde 9.6 kamili, sampuli 423,360. Gawanya kwa 1,152 upate fremu 367 na nusu. MP3 haina nusu fremu, kwa hiyo inaongeza ukimya mwishoni, na mzunguko wako unakuwa na kigugumizi. Geuza kuwa WAV, kisha kata kwa mkono hadi sampuli 423,360 ukianzia kwenye pigo lenyewe. Hakuna njia ya mkato.

Tofauti ya kudumu ikiwa kubwa zaidi, tuseme zaidi ya milisekunde 100, usiitafute kwenye MP3. Muulize mwimbaji kama alikuwa amevaa vipokea sauti vya Bluetooth. Mdundo ulimfikia umechelewa, naye akaimba sawasawa kabisa na mdundo uliochelewa. Sogeza vokali nzima upande wa kushoto ili ianze mapema zaidi, imekwisha.

*Tofauti inakua kadiri wimbo unavyoendelea.* Ikikua upesi hadi kwenye kiitikio watu wanaimba beti, rudi kwenye sehemu ya viwango vya sampuli. Ikikua polepole sana, kiasi cha kugundua dakika ya tatu, huenda mdundo ulikuwa ukipigwa na simu moja huku nyingine ikirekodi. Kila kifaa kina saa yake ya ndani na saa hizo hazilingani kabisa. Kata vokali kwenye mapumziko ya pumzi na usogeze kipande kimoja kimoja. Ni haraka kuliko kutafuta asilimia ya kuvuta.

*Tofauti haina mpango, inakuja na kuondoka.* Angalia kama programu yako ilikisia mwendo wa wimbo na kuuvuta yenyewe ulipouingiza. Zipo kadhaa zinazofanya hivyo bila kuuliza. Zima kuvuta kwa klipu hiyo kisha sikiliza tena. Kama bado, kuna uwezekano kwamba mwimbaji hakuimba sawa, na hilo faili halihusiki nalo.

Sauti inapasuka baada ya kugeuza, ingawa MP3 ilikuwa safi

Wimbo uliokwisha kupigwa masta, yaani kupewa hatua ya mwisho kabla ya kutolewa, huwa umepandishwa hadi ukingoni, kilele chake kikigusa au kukaribia sifuri desibeli, ambayo ndiyo kikomo cha juu. Kubana kunabadilisha umbo la wimbi kidogo, na ukilifungua tena baadhi ya vilele vinavuka sifuri. WAV ya biti 16 haina nafasi juu ya sifuri. Kilichovuka kinakatwa bapa, na ukikuza mchoro utaona vichwa vimenyooka kama vimepitiwa na panga. Kikishakatwa hakirudi.

Nukta elea ya biti 32 ina nafasi hiyo. Mita itawaka nyekundu, lakini namba zote zimo. Shusha sauti ya traki kwa desibeli 3 na vilele vinarudi mzima mzima. Kama programu yako haipokei nukta elea, shusha kabla ya kuandika:

`ffmpeg -i mdundo.mp3 -af volume=-3dB -c:a pcm_s24le mdundo.wav`

Hapo tumetumia biti 24, zinatosha kabisa. Na usibonyeze kile kitufe cha kusawazisha kiwango cha sauti wakati wa kugeuza. Ukipandisha kila traki hadi juu kabisa umevuruga uwiano aliouweka produsa, na bado hujaanza kuchanganya.

Kama vichwa viko bapa hata ulipofungua kwa nukta elea, basi sauti ilipasuka kabla haijabanwa: mwimbaji alikuwa karibu mno na simu, au aliyepiga masta alibamiza kupita kiasi. Plagini za kurekebisha vilele zinasaidia pale palipopasuka kidogo. Vokali iliyopasuka wimbo mzima irekodiwe upya, na useme hivyo mapema kabla hujalipwa.

Matoazi yanalia majini, vokali ina ukungu

Sasa tunafika kwenye ugonjwa ambao WAV haiuponyi. MP3 iliundwa na watafiti, wakiwemo wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, kwa kutumia udhaifu wa sikio: sauti kubwa inaficha ndogo iliyo jirani yake. Kilichofichwa kinahifadhiwa kwa ukali mdogo au kinatupwa. Ukisikiliza tu, hugundui. Lakini kuhariri ni kufichua. Unashusha besi, unapandisha sauti za juu, unaondoa kile kilichokuwa kinaficha, na uchafu uliokuwa nyuma yake unabaki uchi.

Ndiyo maana jaribio la kutoa vokali kwa kugeuza wimbi la upande mmoja juu chini na kuujumlisha na mwingine hufanya vibaya mno kwenye MP3. Vilivyo katikati vikifutana, kinachobaki ni mabaki ambayo MP3 ilidhani hakuna atakayeyasikia, na yanabwabwaja. Programu za kutenganisha za siku hizi kama Demucs zinafanya vizuri zaidi, ila nazo haziwezi kutenga kilichokwisha kutupwa. Dalili nyingine ni sinea kutanguliwa na vumbi la sauti kabla haijagonga: makosa ya kukadiria yanasambaa katika kipande kizima cha sauti, hata sehemu iliyo kabla ya pigo.

Namna ya kuthibitisha ni kutazama spektogramu, mchoro unaoonyesha sauti za chini hadi za juu kadiri wimbo unavyokwenda. Audacity inayo, na Spek ni programu ndogo ya bure inayofanya kazi hiyo tu. MP3 ya kbps 128 (kilobiti kwa sekunde) mara nyingi huwa na ukuta kwenye 16,000 Hz hivi, juu yake giza. Ya kbps 320 hufika karibu 20,000. Ukiletewa "WAV ya studio" ukakuta ukuta mnyoofu kwenye 16,000, mtu aligeuza MP3 akakuuzia. Ukikuta "MP3 ya 320" iliyopakuliwa kutoka kwenye video, ni hadithi ileile, maana ndani ya video mtandaoni sauti ni AAC au Opus ya kiwango cha chini ya hapo, na kilichofanyika ni kuibana mara ya pili.

Usihukumu haraka lakini. Taarabu iliyotolewa kwenye kaseti ya zamani haitakuwa na kitu cha maana huko juu hata ikigeuzwa kwa mashine bora, kwa kuwa kaseti yenyewe haikuwa nacho. Tofauti ni kwamba kaseti inafifia taratibu na kuacha mvumo wa tepu, wakati MP3 inakatika ghafla kama kwa rula.

Vokali ikisikika kama mtu anapiga simu, chanzo kinaweza kuwa cha chini zaidi ya MP3. Simu za zamani hurekodi kwa AMR, sampuli 8,000 kwa sekunde, na hapo hakuna kinachoweza kuwepo juu ya 4,000 Hz. Maikrofoni ya Bluetooth nayo hushusha ubora hivyohivyo wakati wa kurekodi.

Unaweza kufanya nini? Usipandishe kitu juu ya ule ukuta, utapandisha hewa. Ikiwa ni mdundo, ongeza haihati na matoazi yako mwenyewe juu yake, na mara nyingi msikilizaji hatajua. Ikiwa ni vokali ya kuu, tafuta faili la awali kwa udi na uvumba. Ikiwa ni vokali ya nyuma, ikate juu, iweke mbali kwa mwangwi, na ukungu wake utakuwa mapambo.

Visivyohitaji maneno mengi

Sauti inatoka upande wa kushoto tu: rekodi ya chaneli moja imeandikwa ndani ya faili la chaneli mbili. Ukiichanganya kwa njia ya kawaida itashuka kwa desibeli 6, kwa kuwa nusu yake ni ukimya. Chukua upande wenye sauti peke yake: `-af "pan=mono|c0=c0"`.

Diski inajaa: ni kawaida. Sauti ya CD ni megabaiti 10.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 4 unakaribia 42, wakati MP3 yake ya kbps 128 haifiki 4. Kwa nukta elea zidisha mara mbili.

Rekodi ndefu, mkesha mzima kwa mfano, inakatika au inaonyesha urefu wa ajabu: WAV ya kawaida haivuki gigabaiti 4, na programu nyingine zinakwama kwenye 2. Igawe, au iandike kwa RF64, aina ya WAV inayoruhusu mafaili makubwa zaidi, ukiongeza `-rf64 auto`.

Jina la msanii na picha ya jalada vimepotea: programu nyingi hazihangaiki na maelezo hayo kwenye WAV. Utayaweka kwenye faili la mwisho.

FLAC na ALAC, ingawa zimebanwa, hazitupi kitu. Zikigeuzwa kuwa WAV unapata sampuli zilezile za mwanzo. Kwenye iPhone, rekoda ya sauti hubana kwa AAC hadi uende kwenye mipangilio yake na kuchagua ubora usiopotea.

Ujumbe wa kunakili na kumtumia mwimbaji

"Habari dada. Naomba vokali iwe WAV au FLAC, isiwe ujumbe wa sauti. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, siyo kama sauti wala video, ili isibanwe tena. Anza kurekodi tangu mwanzo kabisa wa mdundo hata kama huimbi bado, na kabla ya mdundo kuanza acha ile midundo minne ya kuhesabu isikike. Vaa vipokea sauti vya waya. Usiweke mwangwi wala kurekebisha sauti, nitafanya mimi. Kama umeshaigeuza kuwa MP3, usiigeuze tena kuwa WAV, nitumie hiyo MP3 ilivyo."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa hiyo itume peke yake tena ukipenda.